Koti Lenye Mikono Miwili ya Kushoto

Shangazi hakubisha hodi. Aliusukuma mlango kwa bega, akaingia na koti jekundu la mpiga tarumbeta wa bendi likining'inia kwenye kidole kimoja, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, akaenda kusimama katikati ya chumba.

"Nani kati yenu ana mikono miwili ya kushoto?" akauliza.

Ofisi yenyewe si ya kujivunia, ni chumba kimoja juu ya duka la vioo, chenye meza zilizobanana, dirisha linalofunguka na dirisha lisilofunguka, na birika la umeme lenye kelele kuliko watu wote.

"Mimi, Shangazi," akajibu kijana mmoja bila kuinua kichwa. Huyo ndiye Mkato, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna njia ndefu aliyowahi kuipenda. "Muulize mama yangu. Kila sahani niliyoshika ilivunjika."

"Basi njoo uvae."

Mkato akaja akavaa. Mkono wa kushoto uliingia vizuri, ukatulia begani kana kwamba umezaliwa pale. Wa kulia nao uliingia, lakini ulivyokaa ndipo palipokuwa na balaa. Kwapa lilijikunja, kiwiko kikatazama mbele, na mkono mzima ukavutwa nyuma kama mtu anayetaka kujikuna mgongoni halafu haya zikamshika. Kila akijaribu kuushusha, koti zima linazunguka kumfuata.

"Mbona linapendeza?" akasema Mkato, akijizungusha. "Mpiga tarumbeta akivaa hivi, hata akikosea wimbo hakuna atakayesikia. Watu watakuwa wanatazama bega."

Watu wakacheka mpaka birika likasahauliwa. Wawili tu hawakucheka. Mmoja alikuwa Shangazi mwenyewe. Wa pili alikuwa msichana aliyekaa karibu na dirisha lisilofunguka, ambaye masikio yake yalikuwa yamepata moto. Pale ofisini walimwita Kimya. Shangazi, fundi wa nguo, alikuwa dada wa baba yake, na ni Kimya aliyemshawishi aache kuchora nguo kwa mkono.

Ngoja nieleze wanachotengeneza pale, maana bila hicho koti halieleweki. Wanatengeneza kitu kinachoitwa Chaki. Chaki ni maktaba, lakini si ya vitabu. Ni fungu la msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ulioandikwa tayari, ambao watu wengine wanaotengeneza programu huuchukua na kuuweka ndani ya programu zao, wasihangaike kuanza upya. Kazi ya Chaki ni kuchora vipande vya nguo na kuvichapa kwa ukubwa wake halisi. Fundi anaingiza vipimo vya mtu, printa inamtolea mgongo, kifua, kola na mikono. Analaza karatasi juu ya kitambaa, anakata, anashona, basi.

Tatizo ni kwamba Chaki inatakiwa ifanye kazi kwenye kompyuta za aina zote, na kompyuta ni kama mabinamu, ukoo mmoja lakini kila mtu na vituko vyake. Pale ofisini walizipa majina. Aina ya kwanza ni ile iliyojaa kwenye maofisi, yenye mambo ya kizamani ambayo haitaki kuyaacha. Hiyo waliiita Mzee. Ya pili ni nzuri, ya bei mbaya, haitaki kushikwashikwa. Hiyo ni Bibi Harusi. Ya tatu inagawiwa bure, haina kampuni ya kuisemea, kila mtu anairekebisha anavyotaka. Hiyo ndiyo Yatima.

Kompyuta ya Shangazi ilikuwa Yatima.

"Si ungegeuza tu kitambaa?" Mkato akauliza, akijitahidi kutoka ndani ya koti. "Upande wa chini uwe juu, mkono wa kushoto unakuwa wa kulia."

"Hiki kitambaa kina uso na mgongo, baba. Uso unang'aa, mgongo kama gunia. Unataka mwenzako apande jukwaani nusu mfalme, nusu mpagazi?"

"Hapana, Shangazi."

"Bendi nzima inakuja kupima Ijumaa. Nimekata mikono ya koti moja tu la kujaribia, namshukuru Mungu sikukata ya makoti yote."

Wakati huo Bosi alishatoka kwenye chumba chake kidogo cha kioo. Alikuwa mwanamke mrefu, miwani imepanda juu ya nywele, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali ambalo jibu lake analijua.

"Kompyuta gani?"

"Yatima," akasema Mkato.

"Tena?"

Mkato akamaliza kulivua koti, akamrudishia Shangazi.

"Juzijuzi ilikuwa kola. Kabla ya kola, mifuko. Watu wa Mzee hawalalamiki. Watu wa Bibi Harusi wanalalamika, lakini kuhusu rangi za vitufe. Kila kitu kikiharibika, ni Yatima." Bosi alishusha miwani, akamtazama Shangazi kwa heshima. "Shangazi, nisamehe, nitakwambia ukweli. Nimekuwa nikifikiria kumwacha Yatima. Toleo lijalo la Chaki litakuwa la Mzee na Bibi Harusi tu."

"Mnamwacha wapi?"

"Yaani hatutamhudumia tena. Wewe unaweza kuendelea na toleo la zamani."

"La zamani ndilo hili la mikono miwili ya kushoto?"

Bosi akapandisha miwani tena juu ya nywele.

Shangazi alilikunja koti taratibu, mkono juu ya mkono. "Sina neno, mwanangu. Maboksi yangu ya kuchorea sijayatupa. Nitayashusha kabatini."

Alisema bila hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma Kimya. Angefoka ingekuwa nafuu. Kimya aliyajua hayo maboksi. Alikua akimwona Shangazi amepiga magoti sakafuni kutwa nzima, boksi limefunuliwa likalazwa, chaki mkononi, akitambaa kutoka kola hadi pindo na kurudi, na akitaka kuinuka anashika mguu wa meza na kusema, "Haya magoti yana deni na nani?" Tangu programu ije, Shangazi alikuwa anafanya kazi amesimama, au amekaa kwenye kiti kama binadamu. Yatima akiachwa, Shangazi anarudi sakafuni. Ilikuwa wazi hivyo.

Midomo ya Kimya ilifunguka ikafungika. Ikafunguka tena.

"Nipe hadi Ijumaa," akasema.

"Umesemaje?" Bosi akauliza.

"Amesema hadi Ijumaa," akadakia Mkato, ambaye bila kuajiriwa na mtu alikuwa mkalimani wa Kimya pale ofisini.

Bosi alimtazama msichana yule. "Sawa. Lakini sitaki kiraka. Mkiniletea kiraka, kwaheri Yatima. Nataka niwe na uhakika kwamba mwezi ujao sitaletewa suruali yenye miguu miwili ya kulia."

Shangazi alipofika mlangoni aligeuka. "Kimya, umekula?"

"Nimekula, Shangazi."

"Muongo," akasema Shangazi, akashuka ngazi.

*

Walianza kwa kutafuta kosa. Mkato alivuta kiti chake hadi kwenye meza ya Kimya, akaandika maneno "kama ni Yatima" kwenye sehemu ya kutafutia, akabonyeza.

Skrini ikajaa. Akashuka chini, bado imejaa. Akashuka tena.

"Hee," akasema. "Yatima ana ndugu wengi kuliko nilivyodhani."

Hayo ndiyo maradhi ya Chaki. Unapoandika msimbo ukakuta kompyuta hii haifanani na ile, njia nyepesi ni kuuliza hapohapo ulipokwama: kama ni Yatima, fanya hivi, kama siye, fanya vile. Unauliza, inakubali, unaenda kunywa chai. Chaki ilikuwa imenyweshwa chai nyingi sana. Kwenye kola kulikuwa na swali, kwenye mifuko swali, kwenye vishikizo maswali mawili yaliyokuwa yanabishana.

Kimya alipita mstari kwa mstari mpaka akafika kwenye mikono.

Mkono wa kulia wa koti ni mkono wa kushoto uliogeuzwa, kama unavyojiona kwenye kioo. Chaki ilikuwa inajua hilo, inachora wa kushoto, inaugeuza, inapata wa kulia. Hapo kila kitu safi. Lakini Yatima ana kituko kimoja: wenzake wakichapa wanahesabu mistari ya ukurasa kuanzia juu, yeye anahesabu kuanzia chini. Kwa hiyo kwa Yatima lazima ukurasa wote ugeuzwe kabla ya kwenda kwenye printa, la sivyo kila kipande kinatoka kinyume.

"Huku kwenye kuchapa ukurasa umegeuzwa," Kimya akasema, akigusa skrini. "Kama ni Yatima, geuza."

"Huo mstari wangu," akasema Mkato. "Nautambua kwa uvivu wake."

Kimya akashuka chini kidogo, kwenye sehemu ya mkono wa kulia. Akarudi juu, akashuka tena, mpaka Mkato akachoka kusubiri.

"Nini?"

"Huku pia mkono umegeuzwa."

"Nani mjinga aliyegeuza huku?"

Masikio ya Kimya ndiyo yaliyojibu, yakapata moto tena.

"Aa," akasema Mkato. "Pole. Nimefuta neno mjinga."

Ilikuwa hivi. Siku moja Kimya aliona mkono wa kulia unatoka kinyume kwa Yatima. Badala ya kusema, akarekebisha palepale kwenye mkono, akaondoka zake. Siku hiyohiyo Mkato naye aliona kurasa zinatoka kinyume, akarekebisha kwenye kuchapa, na yeye alikuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira. Marekebisho yote mawili yakaingia. Mkono wa kushoto ukageuzwa mara moja, ukatoka sawa. Wa kulia ukageuzwa na huyu, ukageuzwa tena na yule, ukarudi kuwa wa kushoto.

"Laiti ningesema," Kimya akasema polepole.

"Na mimi ningeuliza. Lakini nani angedhani, mimi na wewe tukarekebisha kitu kimoja siku moja? Sisi ambao hatujawahi kukubaliana hata dirisha lifunguliwe au lifungwe." Mkato alinyoosha vidole. "Haya, tunafuta mstari mmoja, kazi imeisha. Wangu au wako?"

"Hapana."

"Hapana wangu, au hapana wako?"

"Hapana yote. Hicho ni kiraka." Kimya alivuta kipande cha karatasi, akaanza kuchora, kwa sababu kuchora kulikuwa rahisi kwake kuliko kusema. Alichora nyumba. "Hii Chaki. Huku ndani ndiko kwenye nguo. Kola, mikono, suruali. Watu wa huku wasijue kabisa wako kwenye kompyuta gani. Isiwahusu. Wakitaka kuchora mstari, wanamwambia mtu wa mlangoni: chora kutoka hapa hadi hapa. Na kwetu sisi juu ni juu."

"Mlangoni kuna nani?"

"Amri chache tu. Chora mstari. Pinda. Andika herufi. Fungua faili. Chapa ukurasa. Nyuma ya mlango kuna vyumba vitatu." Akachora visanduku vitatu. "Cha Mzee, cha Bibi Harusi, cha Yatima. Kila chumba kinazijua amri zilezile kwa majina yaleyale, ila kinazitimiza kwa tabia yake. Kugeuza ukurasa kunafanyika chumbani kwa Yatima, mara moja, na hakuna mwingine anayegusa. Tukijenga Chaki ya Yatima tunafungasha chumba chake tu. Vingine havipandi hata garini."

Mkato aliivuta karatasi karibu.

"Yaani Yatima anapata chumba chake peke yake."

"Ndiyo."

"Mimi mwenyewe nyumbani nalala na kaka zangu wawili."

Kimya akacheka, mkono mdomoni.

"Lakini dada, ona," Mkato akaendelea. "Unataka tuhame nyumba nzima kwa sababu ya kunguni mmoja."

"Kunguni si mmoja. Umeiona skrini."

Mkato aliitazama skrini, akatazama nyumba ya kwenye karatasi, akapumua kwa sauti kama mtu anayeaga dunia. "Haya. Nani anabeba kabati?"

*

Wakahama. Siku zile zilikuwa nzuri kwa Kimya, ingawa ukimuuliza angesema hajui kwa nini. Asubuhi alifungua dirisha linalofunguka, Mkato akija analifunga, yeye analifungua tena kidogo, halafu wanaanza. Waliyatoa maswali moja moja. Kila "kama ni Yatima" waliyoing'oa, waliuliza ilikuwa inataka nini hasa, wakakipeleka hicho kitu chumbani kwake.

Mengine yaliwashangaza. Kuna mahali paliandikwa kwamba kama ni Mzee, chapa kwenye karatasi pana.

"Kwa nini Mzee peke yake?" Kimya akauliza.

Mkato alikuna kichwa. "Kwa sababu wakati naandika, printa pana ilikuwa imechomekwa kwa Mzee."

"Kwa hiyo hiyo si tabia ya Mzee. Ni tabia ya printa."

"Ukisema hivyo, naonekana mbaya."

"Tuiulize printa yenyewe kama inaweza karatasi pana. Tusiulize imechomekwa kwa nani."

Wakafanya hivyo. Ikawa hata Yatima, akipata printa pana, anachapa mgongo wote wa koti kwenye karatasi moja. Kabla ya hapo Shangazi, ingawa printa yake ni pana, alikuwa anaunganisha vipande kwa gundi, na hakuwahi kusema, alidhani ndivyo ilivyo kwa watu wote.

Alhamisi mchana karibu kila kitu kilikuwa kimehama. Kimya alikuwa anakagua sehemu ya nguo, akiisoma kama mtu anayepitisha kidole juu ya meza kutafuta vumbi, na vumbi akalipata. Kwenye kola, katikati ya msimbo uliokuwa msafi asubuhi, kulikuwa na mstari mpya: kama ni Bibi Harusi, tumia mpindo wake.

Mkato alikuwa upande wa pili wa chumba, anamimina chai, akimsimulia mwenzao habari za mpira. Watu wote walikuwepo. Bosi naye alikuwepo, mlango wake wa kioo wazi.

Kimya angeweza kuufuta mwenyewe. Vidole vyake vilishafika kwenye kibodi. Ni kitu cha kubonyeza tu, hakuna ambaye angejua. Halafu akakumbuka koti, mkono unaojikuna mgongoni. Akaondoa vidole.

"Kaka," akaita.

Sauti haikufika hata kwenye meza ya jirani.

"Kaka Mkato!"

Safari hii ilifika mpaka dukani chini, nadhani. Chumba kizima kikageuka. Bosi akashusha miwani.

"Naam?" akasema Mkato, birika mkononi.

"Kwenye kola umeweka swali la Bibi Harusi."

"Aa, hilo! Dada, Bibi Harusi ana amri yake ya kupinda, laini kama siagi. Wenzake hawana. Nimeona tuitumie, kola itapendeza."

"Toa."

"Moja tu, jamani."

"Yatima naye alianza na moja tu." Maneno ya Kimya yalishaanza kutoka na hakujua pa kuyazuia. "Kama mpindo wake ni mzuri, uweke chumbani kwake. Pale ambapo mlango unaambiwa pinda, yeye apinde kwa ulaini wake, wenzake wapinde wanavyojua. Kola isijue. Kola ikijua, kesho mfuko nao utataka kujua, na kesho kutwa tuko palepale. Mimi sitaki tena kurekebisha kitu ambacho wewe umesharekebisha, na wewe hujui, na mimi sijui. Toa, kaka."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Mtu mmoja kwenye kona akakohoa.

Mkato aliweka birika chini. Alikuja, akaketi, akaufuta mstari, akafungua chumba cha Bibi Harusi, akauweka mpindo humo. Ilichukua muda mfupi kuliko kubishana.

"Imekaa," akasema, akitazama skrini. Halafu kwa sauti ya chini, "Na kweli huku ndiko kwake. Lakini dada, siku nyingine unipe ishara kwanza. Nimejimwagia chai kwenye kiatu."

*

Ijumaa asubuhi Bosi alikuja mezani kwao, hajaketi, mikono imefungwa kifuani.

"Nionyesheni."

Kimya alimsogezea Mkato kibodi. Mkato akaandika "kama ni Yatima" kwenye sehemu ya kutafutia, akaiambia itafute kwenye nyumba yote isipokuwa vile vyumba vitatu. Skrini ikabaki nyeupe. Akaandika Mzee. Nyeupe. Bibi Harusi. Nyeupe.

"Kutafuta ni kitu kimoja," akasema Bosi. "Kuchapa ni kingine."

Kwa hiyo wakachapa. Mkono uleule wa kulia, kwa vipimo vilevile vya mpiga tarumbeta, kutoka kompyuta tatu tofauti zilizopangwa kwenye meza moja. Printa ilikoroma ikatoa karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya alizipanga moja juu ya nyingine, akaziinua, akazibandika kwa viganja kwenye kioo cha dirisha, mwanga ukipita nyuma yake.

Ulionekana mstari mmoja. Bega, kwapa, kiwiko, kifundo cha mkono, kote ni mstari mmoja mweusi, kana kwamba karatasi ni moja.

Bosi alisogea hadi pua ikakaribia kugusa. Aliufuata mstari kwa kidole kutoka juu mpaka chini.

"Ya Yatima ni ipi?"

"Sijui," akasema Kimya, na alikuwa anasema kweli. "Zimeshachanganyika."

Bosi alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Twendeni kwa Shangazi."

Karakana ya Shangazi ilikuwa ng'ambo ya barabara, chumba kirefu chenye harufu ya pasi na mafuta ya cherehani. Ukutani kulikuwa na makoti mekundu nusu-nusu, hayana mikono, yamening'inia kama watu wanaosubiri habari. Maboksi ya kuchorea yalishashushwa kabatini, yameegeshwa karibu na mlango. Kimya aliyaona akayakwepa kwa macho.

Mpiga tarumbeta alikuwa ameshafika, mtu mnene mchangamfu, amekaa juu ya kiti cha kupimia.

"Hao ndio madaktari?" akauliza.

"Ngoja kwanza tuone kama mgonjwa anapumua," akasema Shangazi.

Kimya aliweka Chaki mpya kwenye kompyuta ya Shangazi, Mkato akamshikia waya, ingawa waya haukuhitaji kushikwa. Printa ikatoa mkono wa kushoto, ikatoa wa kulia. Shangazi alivaa miwani yake. Alizilaza karatasi mezani, akachukua futi ya kupimia shingoni, akapima bega, akapima kwapa, akapima mviringo wa juu mbele na nyuma, akarudia. Akaweka karatasi hizo uso kwa uso zikakutana. Alipima hata mahali ambapo hapakuwa na cha kupima. Wote walisimama kama wanafunzi wanaosubiri matokeo.

Halafu akachukua mkasi.

Alikata, akabana pini, akakaa kwenye cherehani. Mpiga tarumbeta aliwasimulia kisa cha bendi kupotea njia wakapiga wimbo kwenye harusi isiyokuwa yao, wakalishwa na kushukuriwa. Mkato alicheka mahali pote panapostahili na pengine pasipostahili. Kimya alikuwa anasikia cherehani tu.

"Simama," Shangazi akasema.

Mpiga tarumbeta akavaa koti. Mkono wa kushoto ukaingia. Wa kulia ukaingia, ukashuka, ukatulia ubavuni. Akaunyanyua kama ameshika tarumbeta. Koti halikumfuata. Akaunyoosha mbele, akajizungusha, akajipiga kifuani, akamshika Bosi mkono kumsalimia ingawa walishasalimiana.

"Jamani," akasema, "hili koti limenijua."

Shangazi alizunguka nyuma yake, akavuta pindo, akapapasa mshono wa bega kwa kidole gumba. Alitikisa kichwa kwa kukubali, pini zimejaa mdomoni.

"Yatima anabaki," akasema Bosi. Aliwageukia Kimya na Mkato. "Kuna watu wamekuwa wakiniomba Chaki ya kwenye simu. Nilikuwa nawakatalia. Simu ikija, itakuwaje?"

Mkato akamtazama Kimya. Hakutafsiri safari hii.

"Chumba cha nne," akasema Kimya. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika. "Kwenye nguo hatugusi kitu."

"Wiki ijayo, basi. Mfanye pamoja." Bosi akapandisha miwani juu ya nywele, lakini akabaki pale pale, akitazama kitambaa chekundu kwa jicho la mtu anayefikiria koti la kwake.

Mpiga tarumbeta alikuwa bado anajitazama kwenye kioo. Mkato akamwomba amwonyeshe jinsi ya kushika tarumbeta, wakaanza kubishana kuhusu mashavu. Shangazi alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo, akaenda kwenye kompyuta, akaingiza vipimo vya mpiga ngoma, ambaye kwa maelezo ya bendi alikuwa na mabega kama kabati.

Printa ikakoroma. Karatasi ikatoka, pana, mkono wa kulia.

Kimya alisogea amsaidie kuishika. Shangazi aliilaza juu ya kitambaa, uso wake unang'aa juu, akaipigapiga kwa kiganja ikalala vizuri. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni kwake. Hakuigusa. Alishika mkasi, akaingiza kwenye ukingo wa kitambaa, akakata moja kwa moja hadi kwapani, amesimama wima, huku akiuliza kwa sauti ya juu kuliko cherehani zote kama kuna mtu humu ndani anayeweza kumletea Kimya kitu cha kula.